Radhi Iko Ghorofani

Ami Ubeid hakuwahi kumkatalia mtu. Adabu yake haikuruhusu. Aliweka kiti chini ya ngazi, katikati ya majora ya vitambaa, na kila aliyetaka kupanda kwa kaka yake, mwenye duka, alikirimiwa mpaka akasahau alichofuata.

Zeina, binti wa mwenye duka, alikuwa akikirimiwa hivyo tangu wiki iliyopita. Alipewa juisi ya ukwaju, akapewa kashata, akapewa na khanga za kukunja asije akachoka kusubiri. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uzamivu kwenye maabara moja Kampala, na jioni ya leo walitaka jibu. Bila radhi ya baba hakuwa tayari kwenda. Nyumbani Magomeni nako, mzee alikuwa amegundua ghafla utamu wa kulala mapema.

"Shikamoo, ami. Baba yupo?"

"Marahaba, mwanangu. Yupo, ila ana wageni. Kaa kwanza."

Wageni gani hao wasioshuka hata kwenda msalani, Zeina hakuuliza. Alikaa, akaanza kukunja khanga kwa hasira.

"Hivi huko Kampala unaenda kusoma nini hasa?" ami aliuliza, maana hata kumchelewesha mtu kunataka maongezi.

"Nasoma watu kama wewe, ami. Kwenye seli kuna kiini, na humo ndimo zilimo jeni. Nje ya kiini inakaa protini inayojua kuziwasha. Haina ugonjwa, haina kosa. Lakini kuna nyingine imeing'ang'ania hukohuko nje, isiingie."

"Inaionea wivu?"

"Hapana. Ikiingia tu, jeni zinawaka. Kwa hiyo inazuiwa mpaka taarifa ije kwamba sasa inahitajika."

"Taarifa ikija, hiyo inayozuia inakwenda wapi?"

"Inatiwa alama, kisha inasagwa."

Ami Ubeid alijipangusa jasho. "Bila hata kiinua mgongo."

Aliangalia mlangoni ambako wateja walikuwa wakibishania bei ya mapazia.

"Hakuna wageni huko juu, Zeina. Baba yako ndiye kaniweka hapa. Kaniambia, 'Usimwache apande. Akinitazama usoni nitakubali, na mimi sitaki aende.'"

Miaka yote hiyo ya chuo, na msomi wetu hakuwahi kuhisi kwamba angezuiwa kwa sababu hiyo. Yeye alidhani anadharauliwa, na alishaandaa hotuba kali ya kumshinda mzee. Sasa alitamani kulia.

Ami alisogeza kiti pembeni. "Pita, kabla hawajaja kunisaga."

Juu, baba alikuwa peke yake, chai imempoa mezani. Alimwona binti yake amesimama mlangoni, hajafungua hata kinywa, naye akavua miwani taratibu.

"Unaondoka lini?" aliuliza.