Isale la Jumbe Yoeli

Mimi niliishia darasa la pili shule ya misheni, nikatolewa nikachunge. Kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema, na anayeona ni vibaya aandike yeye.

Mke wangu Ndeshi aliuawa na jumbe wetu, Yoeli Sumari. Serikali ilikuwa imeamuru kila nyumba itoe mtu wa kuchimba matuta mlimani, eti udongo usichukuliwe na mvua. Mimi nilikuwa nimelala na homa, akaenda Ndeshi. Mchana akakaa kupumzika. Jumbe akampiga kwa ile fimbo yake mbele ya watu wote, akaangukia mferejini, kichwa kikagonga jiwe. Siku ya tatu tukamzika migombani.

Sasa, nani alimpa Yoeli ile fimbo? Serikali. Nani alimkamata? Serikali hiyo hiyo. Na nani alimwachia kwa dhamana baada ya wiki mbili, eti aende akavune kahawa yake? Jibu wewe.

Jumamosi moja katika siku zile za dhamana, alikuja kwangu mkewe, Elifuraha, pamoja na Efraimu, mzee wa kanisa letu. Elifuraha alishika tawi la isale, ule mmea tunaopanda mipakani, kwa mikono miwili. Sisi Wameru, mtu akikuletea isale kuomba msamaha, hukatai, hata kama amekuchomea nyumba. Ukikataa, ubaya unakurudia wewe na uzao wako.

"Baba Tabea," akasema Efraimu, "tumekuja na isale."

"Naliona. Mwenyewe yuko wapi?"

"Anaona aibu."

"Aibu! Siku ya matuta aliiacha wapi?"

Elifuraha akapiga magoti pale pale mlangoni. "Baba Tabea, pokea. Watoto wetu wanachota maji mfereji mmoja. Wasije wakaviziana."

"Na kesi?"

Efraimu akacheka kidogo, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Kesi ni ya Waingereza, isale ni letu. Havijuani hivyo."

Nikaamini. Nikalipokea, nikaenda kulichomeka kwenye kaburi la Ndeshi, upande wa kichwani.

Jumatatu yake Yoeli hayupo.

Alipanda lori mpaka Dodoma, akashika treni mpaka Kigoma, akavuka ziwa mpaka Usumbura kwa Wabelgiji. Akawaambia yeye ni mtu wa siasa, Waingereza wanamwinda kwa sababu amewatetea Wameru na ardhi yao, naomba mnifiche. Yoeli huyo! Aliyekuwa akivua kofia akiona tu vumbi la gari la Mzungu, kabla hajajua ni Mzungu au ni muuza ng'ombe.

Serikali ikawaandikia Wabelgiji wamrudishe. Kwa miezi minane, kila Alhamisi nilishuka kwa miguu mpaka bomani Arusha kuuliza kama wamejibu. Karani wa pale, Solomoni, alishanizoea.

"Mzee wa Alhamisi umefika."

"Nimefika. Na barua?"

"Barua haina miguu kama yako, mzee. Rudi wiki ijayo."

Njiani kurudi, nikifika Kimandolu, watu wananiuliza, vipi? Nasema, hakuna. Wanasema, Mungu yupo. Najua yupo. Ninayemtafuta mimi ni Yoeli.

Alhamisi ya mwisho Solomoni hakunitania. Aliniingiza kwa Bwana Shauri mwenyewe, Mzungu wa wilaya, akasimama pembeni kutafsiri. Barua ilikuwa mezani.

"Wabelgiji wanasema hawamrudishi," akasema Solomoni. "Yoeli amewapa barua ya Efraimu. Imeandikwa kwamba mwenye msiba amepokea msamaha kwa desturi ya kabila. Basi wanasema neno la mauaji limekwisha nyumbani, limebaki neno la siasa."

"Efraimu aliandika lini?"

Solomoni akapekua. "Jumamosi." Akanitajia tarehe.

Ilikuwa Jumamosi ile ile.

Bwana Shauri akauliza kitu, akinyoosha kalamu. Solomoni akasema, "Anauliza, ulilipokea jani hilo au hukulipokea? Ukisema hukulipokea, anaandika leo hii kwamba barua ya Efraimu ni ya uongo, na huenda wakamtoa." Halafu akainama, akasema polepole, "Mzee, sema hukulipokea. Neno moja tu. Wabelgiji watajuaje mambo ya majani?"

Neno moja. Miezi minane ya kutembea, na sasa neno moja tu. Nililifikisha mpaka kwenye meno. Nikaliona isale limesimama kichwani kwa Ndeshi. Nikamwona binti yangu Tabea, ana mimba ya kwanza. Mtu anaweza kumdanganya Mzungu, hiyo ni kazi ya kila siku. Lakini isale ulilolipokea kwa mikono yako mwenyewe, unalikanaje?

"Nililipokea," nikasema.

Bwana Shauri akaandika mstari mmoja, akafunga faili. Nilimwona alivyopumua. Kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

"Anasema pole," akasema Solomoni.

"Mwambie aitie ndani ya faili."

Jioni, karibu na nyumbani, nilimkuta Elifuraha anaosha kahawa mferejini.

"Shikamoo, Baba Tabea. Anarudi?"

"Harudi. Waliniuliza kama nilipokea isale, nikasema ndiyo."

Akaacha kuosha. "Ukasema ndiyo?"

"Ningesema nini? Si wewe uliyelileta?"

"Mimi niliyelileta ningesema hapana!" Akatupa kikapu chini, kahawa ikamwagika. "Ameniachia watoto watano na jina la mke wa muuaji, yeye yuko huko anakula samaki. Nilipiga magoti kwako nikijua Jumatatu anakwenda mahakamani. Kumbe Efraimu ameshamtafutia lori."

Nikamsaidia kuokota kahawa.

Nilipofika migombani nililishika lile isale kwa mikono miwili, nikavuta. Lilikuwa limeshika mizizi na limetoa majani mapya. Nikavuta tena, udongo wa kaburi ukaanza kupasuka, nikaacha. Nikachukua jembe, nikapalilia kaburi zima, pande zote, isipokuwa pale liliposimama. Sitalimwagilia. Ila isale, wenyewe mnalijua, halifi kwa kukosa maji.