Mshono Ulionyooka

Mtaani walimwita Mama Mchezo, kwa kuwa mchezo wa redio wa kila Jumamosi ulitoka kichwani mwake. Mumewe alikuwa fundi cherehani, na suruali zake zilikuwa na sifa mbaya. Sababu ilikuwa ya ndani ya nyumba. Kila mchezo, kabla haujaenda redioni, mkewe aliusoma kwa sauti nyuma ya kiti chake huku yeye akishona. Mshono ukipinda, basi Fundi amenogewa na mchezo ni mzuri. Ukinyooka, karatasi zinachanwa. Wateja walilalamika mpaka wakachoka, ila Jumamosi ikifika ni hao hao wa kwanza kufungua redio.

Kisha vita vikaja, na mtoto wao wa pekee akachukuliwa jeshini. Mkurugenzi wa redio akamwita Mama Mchezo ofisini. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga tu, na woga ni maradhi ya kuambukiza.

"Mama, safari hii yule mama wa kwenye mchezo ampeleke mwanawe vitani. Afurahi, apige vigelegele. La sivyo wakubwa wataufuta mchezo."

Mama Mchezo akaandika. Tusimlaumu. Mchezo ule ulikuwa kama mwanawe wa pili, na nani anapenda kuzika? Akasimama nyuma ya kiti cha mumewe, akasoma, vigelegele na vyote. Cherehani ikaenda bila kukwama hata mara moja. Alipomaliza, Fundi akainua kitambaa kwenye mwanga. Mshono ulikuwa umenyooka kama rula.

"Umechoka tu leo," mkewe akasema.

"Sijachoka."

"Basi sema ni mbaya."

"Kwani mimi nimesema nini? Nashona tu, mke wangu."

Mkewe alimnunia mpaka chai ikapoa. Kwa maneno hakuna aliyemweza nyumba nzima, lakini mwenzake alimshinda kwa kunyamaza, na hiyo si haki hata kidogo. Mwishowe akachana karatasi, akaanza upya. Mara hii yule mama wa kwenye mchezo alimgombeza mwanawe kwa sababu ya soksi: mbona umebeba zilizotoboka, nani atakushonea huko, hebu rudi ndani. Kila kijana alipofika mlangoni, mama akamzulia kosa jingine ili asitoke. Adui hakutajwa kabisa. Mama Mchezo alipousoma, mshono uliiacha njia yake, ukaingia kwenye mfuko wa suruali na kuufunga mdomo wake.

Mkurugenzi aliusoma akiwa amesimama. Kwenye soksi akacheka. Alipofika pale pa mlango akakaa chini, akavua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi.

"Mama, huu siwezi. Niletee ule wa kwanza."

"Niliuchana."

"Uandike tena. Jumamosi hii ipite tu, wewe ubaki."

Mama Mchezo alimpenda mkurugenzi huyu kijana. Yeye ndiye aliyemfundisha kusimama mbele ya maikrofoni, enzi hizo akiwa bado mgeni redioni. Kwa hiyo akamjibu taratibu.

"Mwanangu anasikiliza redio huko aliko. Yule mama akipiga vigelegele, atadhani ni mimi."

Mkurugenzi akamrudishia karatasi zake. Jumamosi, badala ya mchezo, zikapigwa nyimbo za jeshi.

Lakini siku ile ile alipotoka ofisini, Mama Mchezo alirudi nyumbani na karatasi zake mkononi, akasimama mlangoni mwa chumba cha kushonea.

"Wameufuta," akasema. "Sina mchezo tena."

Fundi akasimamisha cherehani, akamvutia kiti.

"Nisomee."

"Si umeshausikia?"

"Mwisho sikuusikia. Pale kijana alipofika mlangoni nilianza kulia. Nikawa nakanyaga cherehani kwa nguvu ili usinisikie."

Mama Mchezo akaketi karibu naye, akasoma toka mwanzo.