Redio ya Idarous na Mwenye Haki Nayo

Januari ya mwaka 1973, Idarous, umri miaka kumi na sita, aliporwa redio mchana kweupe, na mporaji alikuwa na hadithi ya Mtume mdomoni.

"Wewe na mali yako ni vya baba yako," alisema baba yake, Mzee Nazir, angali na sare ya karakana ya treni ya Tyseley, Bamingamu, akaibeba redio hadi kwenye kiti chake kando ya hita.

Redio hiyo ndiyo iliyokuwa mali yote ya Idarous duniani. Aliinunua kwa fundi Surinder, Singasinga wa Kisumu aliyehamia Kings Heath na Kiswahili chake chote, baada ya kugawa magazeti asubuhi za barafu hadi masikio yakafa ganzi. Jumapili angerudi shule ya bweni, ambako hakuna mwingine aliyejua maana ya shikamoo, na alikusudia kurudi nayo.

Basi akavaa tai ya shule, akaenda kushtaki kwa Maalim, aliyesomesha Kurani sebuleni kwake mtaa wa pili.

"Mshtakiwa nani?"

"Baba yangu mzazi, Maalim. Namwombea huruma kabla ya hukumu."

Maalim alijikaza asicheke. "Sikiliza, ewe wakili. Wanazuoni wengi wasema baba huchukua katika mali ya mwanawe kwa haja, bila kumdhuru. Si kila akitamanicho. Umemuuliza haja yake?"

"Haja yake ni kunikomoa."

"Nenda kamuulize."

Hakumuuliza. Kuuliza kwataka adabu, na adabu yake Idarous alikuwa ameiweka akiba. Mzee Nazir alikuwa amebandika kipande cha plasta kwenye kioo cha redio, pale ilipopatikana idhaa ya nyumbani. Alhamisi mchana Idarous akakibandua, akakibandika upya, upana wa kidole kushoto.

Saa kumi na moja jioni mzee akaketi, kalamu na karatasi mapajani, akafungua. Ikatoka kwaya ya kanisa. Akazungusha, ukatoka mvumo. Akazungusha tena, sikio karibu liguse redio.

Mama Mwatima alitoka jikoni, unga viganjani. "Hujampata mama?"

"Mama yupi?" Idarous aliuliza.

"Bibi yako. Ametuma kadi ya salamu, yasomwa leo. Tangu tuhame Lamu, mwaka wa sita huu, baba yako hajasikia jina la mamake likitajwa na mtu baki."

Masikio ya Idarous, yaliyozoea barafu, yaliwaka moto. "Niachie mimi, baba." Akausogeza mshale hadi kulia kwa plasta, upana wa kidole. Mtangazaji akaibuka kama aliyetumbukia ndooni:

"...Bi Zena wa Langoni, Lamu. Amsalimu mwanawe Nazir aliyeko Bamingamu, mkewe Mwatima, na mjukuu wake Idarous asiyeandika barua. Ujumbe wake: Nazir, nasikia mna redio. Mimi nasikilizia dirishani kwa jirani. Niletee."

"Langoni," mzee alinong'ona, kama aliyetiwa tende mdomoni. Na Idarous naye akauona mtaa ule mwembamba, akasikia vikombe vya muuza kahawa vikigongana, na bibi akimwita kwa jina zima kutoka juu, sauti ikimfikia kabla hajafikiria kukimbia.

Mwatima ndiye aliyeanza kucheka.

"Wewe na mali yako, baba..." Idarous alianza, kwa sauti ya hakimu.

"Nyamaza."

"Na Mtume alimtaja mama mara tatu kabla ya baba."

"Nyamaza, ewe kadhi wa magazeti! Na hii plasta siku hizi ina miguu?"

Kadhi akaficha vidole mfukoni.

Mzee Nazir aliizima redio, akakifuta kioo kwa mkono wa shati. "Idarous."

"Labeka, baba."

"Onyango wa karakana asafiri Mombasa wiki ijayo. Haja yangu nilikuwa nayo, lakini nilichukua bila kukuuliza. Sasa nakuuliza: ampelekee mama? Hii ni yako."

Idarous aliitazama. Aliiona Jumapili, kitanda cha chuma, na wavulana arobaini wasiomjua Bi Zena. Kisha akakibandua kile kipande cha plasta, akakirudisha mahali pake, akakikandamiza kwa kidole gumba mpaka ukucha ukawa mweupe.

"Onyango amwambie bibi asikibandue," alisema. "Na asimruhusu mtoto yeyote kukigusa."

"Mwambie mwenyewe," baba yake akajibu, akampa kalamu na karatasi.