Kamba ya Kuvutia Trekta

Kalisti alibonyeza selfu tena. Trekta likaguna, likatikisika kidogo, likanyamaza kama mzee aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi. Kwenye bomba hakukutoka moshi, hata ule mweupe wa kudanganyia watu.

"Bado limelala?" aliuliza Limi, dada yake, aliyesimama kando ya shamba lake na kikapu cha mbegu za mtama kichwani.

"Litaamka, dada."

"Jana ulisema hivyo hivyo."

Kweli alisema. Lakini mvua ilikuwa imeshanyesha ikaondoka, na udongo mweusi wa mbuga una tabia zake: ukiloa sana unang'ang'ania plau, ukikauka unakuwa tofali. Katikati hapo kuna siku chache za kulima, na jua la asubuhi ile lilikuwa tayari linazila. Shamba hilo ndilo lililomlisha Limi, binti yake Paskazia na wadogo zake mwaka mzima. Mumewe alifia machimboni Geita, akamwachia watoto na jozi moja ya maksai.

Maksai wenyewe hakuwa nao tena. Wenye mradi wa trekta walisema ng'ombe wa watu wanamaliza majani, kwa hiyo anayetaka kulimiwa na mashine kwanza apeleke maksai wake mnadani. Wengi waliguna, wakakaa na ng'ombe wao mbali na macho ya wakubwa. Limi aliwapeleka wake, kwa kuwa aliyemshawishi alikuwa mdogo wake wa kunyonya ziwa moja, dereva mwenye kofia ya kazi. "Dada, mwaka huu wewe utakaa tu uangalie," Kalisti alimwambia. Na sasa Limi alikuwa anaangalia.

Kalisti alishuka na spana. Trekta lenyewe lilikuwa kuukuu. Lilichoshwa kwanza na walowezi huko lilikotoka, ndipo likakumbukwa kuwa linawafaa Wasukuma. Selfu ikizunguka na moshi usitoke, basi mafuta hayafiki. Akalegeza nati ya chujio, akapampu kwa mkono. Yakatoka mapovu, kisha maji, kisha dizeli kidogo yenye rangi ya chai. Pipa la mafuta lilikuwa limeachwa wazi mvuani kwenye uwanja wa mradi. Alipolisemea hilo aliambiwa kazi yake ni usukani. Akalifuata bomba la mafuta kwa kidole mpaka akagusa ufa. Hapo ndipo hewa ilipokuwa inaingia. Akausiliba kwa sabuni, akazungushia mpira wa baiskeli, akakaza kwa uzi wa kushonea magunia ya pamba. Akapampu mpaka mapovu yakakoma, akapanda, akabonyeza selfu.

Ikalia "kro", basi. Betri nayo ilikuwa imekufa.

"Sasa linataka kuvutwa tu," alisema, na moyo wake ulikuwa umeshaanguka. "Likivutwa pale mteremkoni litawaka. Tungepata maksai kidogo..."

"Maksai wa nani, Kalisti?"

Wenye maksai waliofichwa wasingewatoa mbele ya dereva wa mradi. Ilibaki elika. Elika ni chama cha wanakijiji wanaolimiana kwa zamu, kwa ngoma na nyimbo, leo kwako, kesho kwangu. Limi alikuwa amejitoa mwaka ule. Anayelimiwa na mashine, majembe ya wenzake ya nini? Na aliyejitoa harudi mpaka atoe mbuzi na kuomba radhi mbele ya wote. Limi hakuwa na mbuzi.

Kalisti aliwakuta katika shamba la jirani, wamejipanga mstari, Jilala kiongozi wao akiwa mbele.

"Shikamoo, baba Jilala."

"Marahaba. Mhola, hujambo? Naona trekta lako limefunga Kwaresima."

"Limekosa nguvu kidogo tu, baba. Nimekuja kuomba watu wa kulivuta."

Wakaangua kicheko. Mmoja aliuliza kama trekta nalo litatoa mbuzi. Jilala hakucheka, alichomeka jembe lake udongoni, akajifuta jasho.

"Trekta hatulivuti," alisema. "Tunamvuta Mama Paskazia. Kamba iko wapi?"

Ilikuwa kamba nene ya katani, mali ya mradi, Kalisti akaitoa nyuma ya kiti cha trekta. Waliishika wanaume kwa wanawake, Limi akiwa wa mbele kabisa, na Jilala akaanzisha wimbo wa kulimia kwa kuwa wimbo wa kuvuta trekta haukuwapo. Lile dude lilisogea shingo upande, likafika mteremkoni, likaanza kukimbia. Kalisti akaachia klachi. Trekta likajikwaa, likatoa moshi mweupe, halafu mweusi, halafu likanguruma mpaka kunguru wakaruka mitini. Vigelegele vikapigwa. Kalisti aligeuza uso ili wasione machozi.

"Usilizime!" Limi alipiga kelele huku akikimbilia kikapu chake cha mbegu.

Bwana Marcel, msimamizi wa mradi, alifika wakati huo kwa baiskeli, na kaptula yake iliyonyooshwa kwa pasi.

"Safi kabisa," alisema. "Lipeleke shamba la mfano. Wageni kutoka Shinyanga wanafika alasiri."

"Bwana, shamba la mfano tulishalilima."

"Litalimwa tena. Wanakuja kuona trekta likilima, hawaji kuona udongo."

"Basi nianze hapa. La huyu mama ni dogo, nitawahi."

"Na likizima? Wageni nitawaonyesha nini?" Marcel alishapanda, akakaa juu ya bawa la gurudumu. "Mjini Kagongwa kuna madereva wengi wanatafuta kazi, Kalisti. Twende."

Kalisti alikuwa na watoto wake pia. Alisubiri mikono yake ikatae, haikukataa. Ikageuza usukani kuelekea barabarani. Watu wa elika walisimama na kamba mikononi. Hakuna aliyetukana, na hilo lilimuuma zaidi.

Alilima udongo uliokwisha kulimwa. Wageni walifika, wakasimama barabarani, mmoja akapiga picha. Marcel aliwaambia wenyeji wameipokea mashine kwa mikono miwili. Wakatikisa vichwa kukubali, wakapanda gari lao. Vumbi lao halijatua, trekta likakohoa na kuzima.

"Kawaite wale watu wavute tena," Marcel alisema.

Kalisti alikwenda. Watu wa elika walikuwa wamerudi kwenye zamu yao, na hakuthubutu kupita mbele ya Jilala. Limi alikuwa peke yake shambani, analima kwa mkono. Viganja vyake vilikuwa vimechunwa na kamba, amevifunga vipande vya kanga, na vipande vyenyewe vilikuwa vimelowa damu. Udongo ulikwisha anza kugoma. Jembe lilikuwa linadunda.

"Dada, nipe jembe nikusaidie."

Limi hakuinua uso.

"Kamba yenu ile pale. Nimeikunja." Alipiga jembe, likang'oka bonge dogo la udongo, akapiga tena. "Jembe ninalo hili moja tu. Wewe una trekta."