Kalavati la Machibya

Paskazia alipoona alama nyeupe za rangi juu ya kalavati, alijua watu wa barabara wamekuja kulifukua. Akaacha genge lake la nyanya bila hata kulifunika, akavuka barabara ya Nyegezi kwa hasira.

Na hasira yake ilikuwa na haki. Miaka kumi na minane iliyopita, marehemu mumewe, Machibya, alikuwa nyapara wa kipande hiki. Rola likaharibika, mvua ziko mlangoni, na udongo wa kuzunguka kalavati bado haujashindiliwa. Machibya akaenda kijijini kwao, akaleta chama cha kulima kwa nyimbo, watu thelathini na mmoja, Paskazia akiwamo. Wakashika magogo mazito, wakautwanga udongo siku tisa, tabaka juu ya tabaka, kwa mdundo mmoja. Mji mzima ukacheka. Barabara ya ngoma, wakaiita, na Machibya akaenda kaburini na kejeli hiyo. Mwaka jana nyufa mbili zilipotokea juu ya kalavati, wenye midomo yao wakasema, "Si tuliwaambia?"

"Shikamoo, mama," alisema mhandisi, mwanamke mwembamba aitwaye Teodora.

"Marahaba. Mnachimba lini?"

"Sisi hatuchimbi, tunagonga tu. Tuligonga hapahapa miaka kumi iliyopita, leo tunarudia tuone barabara imechoka kiasi gani. Ikiwa imechoka, ndipo watakuja kufukua."

Nyuma ya gari lao kulikuwa na mtambo. Uzito ukapanda, ukaachiwa, ukaangukia sahani ya chuma iliyolazwa kwenye lami. Du! Vipimo vilivyopangwa mstari vikapima jinsi barabara ilivyobonyea. Paskazia akaelewa papo hapo. Hata yeye hanunui chungu sokoni kabla hajakigonga.

Walianza na kipande kilichopitiwa na rola. Teodora akasoma kwenye kompyuta: imebonyea nusu milimita, mara mbili ya zamani; imechoka. Kisha wakasogea kwenye kalavati, Paskazia akiwafuata nyuma. Kicheko cha mji alikwisha kukizoea. Kuona jasho la mumewe likichotwa na katapila, hilo asingeliweza.

Du! Teodora akakitazama kioo cha kompyuta, akakunja uso.

"Rudieni."

Du!

"Tena."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Mama, hapa pamebonyea robo milimita. Miaka kumi iliyopita ilikuwa robo ileile! Malori yote haya yamepita, pako vilevile. Nyufa ni za lami ya juu tu." Akachuchumaa, akaipapasa barabara taratibu. "Palishindiliwa na mtambo gani?"

"Mtambo ulikuwa umekufa. Ni watu, na nyimbo zao."

Teodora hakucheka. Aliandika kwamba pasifukuliwe, akauliza jina la nyapara, akaliandika pia.

Paskazia akavua ndala. "Pigeni mara moja tena, nami nimesimama hapa."

Uzito ukaanguka. Mtetemo ukampanda kutoka nyayoni hadi magotini, naye akautambua. Ndivyo udongo ulivyolirudisha gogo siku ile ya tisa, Machibya alipoinua mkono kuwasimamisha wote.

"Imekubali," akasema Paskazia kwa sauti, kama alivyosema mumewe siku hiyo, huku machozi yakimtiririka.