Mkimbizaji Husimama

Jumapili ile, tangu watu walipotoka misa ya pili, mtaa mzima wa Gungu, Kigoma, ulikuwa na habari moja tu: kibanda cha video cha Feliksi kingeonyesha filamu mbili kwa mpigo, ya zamani na ya sasa, na zote hadithi ileile. Kufika saa tisa alasiri mabenchi yalikuwa yamefurika, sakafuni hapana pa kuweka unyayo, na madirishani vichwa vimepangana. Feliksi, mwenye kibanda na mpiga picha wa ile filamu mpya, alisimama mlangoni akiapa kwamba hata sisimizi hapati tena nafasi. Akawa anaapa na kuingiza watu, anaapa na kuingiza watu.

Scola alikuwa nyuma kabisa, karibu na projekta, viganja vimelowa jasho. Filamu mpya ilikuwa yake. Aliiandika, akaiongoza, akacheza mwenyewe, na miaka yake ya karibuni yote ilikuwa imeishia humo. Lakini hakuwa akiuogopa umati. Aliyekuwa akimtoa jasho ni mtu mmoja tu wa benchi la mbele, mwenye mabega mapana na kofia magotini: Bonaventura, baba yake mdogo.

Filamu ya zamani, *Beseni la Bwana Harusi*, ilitengenezwa na ndugu wawili kwa kamera ya kuazima, ile ya kupigia harusi, wakati Scola hajaanza hata kutambaa. Bonaventura alikuwa mkimbizaji. Kaka yake Selestini, baba wa Scola, alikuwa mkimbizwa. Miaka michache baadaye Selestini akafa kwa homa, na Bonaventura akaifungia kanda sandukuni, asikimbie tena wala kulitaja jina la kaka yake mbele ya mtu. Ukilitaja wewe, alitoka nje kuangalia mbuzi, na mbuzi wenyewe hakuwa nao.

Scola alipokwenda kumwomba ruhusa ya kuitengeneza upya, alikubali kwa sharti.

"Tengeneza," alimwambia. "Ila tutaziangalia zote siku moja, mbele za watu. Ikinitosha, utaipa jina la ile ya zamani. Isiponitosha, tafuta jina jingine, na mahali pa baba yako paache palivyo."

Sasa elewa, Scola ndiye aliyejipa nafasi ya mkimbizwa, nafasi ya baba yake. Jina likikataliwa, atakuwa binti fulani tu aliyeonekana barabarani akitimua mbio na beseni kichwani. Kwa hiyo alisali, akabana meno, akamwashiria Feliksi azime taa.

Ya zamani ikaanza. Picha ilikuwa imefifia, rangi zimekuwa kahawia, na sauti ilikwaruza, lakini hakuna aliyejali. Hadithi yenyewe ni nyepesi. Wanaume wawili wanateremka kwenye boti moja pale Ujiji, kila mmoja na beseni, na kila beseni limefunikwa kanga ya aina moja. Mmoja amebeba migebuka ya kuwapelekea wakwe. Mwingine amebeba suti yake ya harusi, na harusi ni mchana huohuo. Mabeseni yanabadilishana. Bwana harusi anafunua kanga, anakutana na macho ya samaki, anapiga yowe na kumfukuza mwenzake, na mwenzake anadhani ni jambazi linalotamani migebuka.

Basi ni mbio mpaka Kibirizi! Selestini alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu, na shingo ile ilikuwa na maajabu yake, maana miguu iliruka mitaro na kupiga chenga baiskeli huku beseni limetulia kama limewekwa mezani. Tangu baba mdogo amwazime kanda ile, Scola alikuwa ameitazama hadi akaihesabu mikunjo ya shati la baba yake, na bado moyo ulimwenda mbio. Walipofika ufukweni, wakakuta dagaa wameanikwa mchangani eneo zima. Mkimbizwa akasimama. Akanyata pembeni, kidole cha mguu baada ya kidole, akiwazunguka dagaa wa watu. Mkimbizaji akafika, naye akanyata njia ileile. Walipomaliza kuzunguka, mbio zikarudi palepale. Watu kibandani walikuwa hoi.

Kisha kikaja kile kipande ambacho Kigoma nzima inakijua. Njiani anatokea bibi kizee na mzigo wa kuni. Mkimbizwa hawezi kumpita hivi hivi, atakuwa mtu gani? Anapiga magoti, shingo wima kwa ajili ya beseni, anapiga makofi taratibu ya heshima na kusema, "Mwakeye." Bibi anaitika, na salamu ya Kiha ikishaanza, usiulize itaisha lini. Watoto hawajambo? Mke je? Mahindi yameota? Mara anatokea Bonaventura, kijana, jasho linamchuruzika, mikono ameshainyoosha kukamata. Anamwona bibi. Anairudisha mikono, anavua kofia, anapiga magoti ubavuni mwa mtu anayemwinda, naye anajibu habari za mahindi. Bibi akishapita, wanatazamana. Mkimbizaji anamsubiri mwenzake ainuke vizuri, aweke beseni sawa, achukue hatua zake kadhaa, ndipo anamfukuza tena.

Kibanda kililia kwa kicheko. Benchi moja lilivunjika na waliokuwa wamelikalia wakaendelea kucheka wakiwa chini. Bonaventura peke yake alikuwa ametulia, akitazama uso wa kaka yake ukiondoka kwenye kioo.

Ikaingia ya Scola, na tangu picha ya kwanza watu walishangilia. Kamera ya kuruka ilipaa juu ya michikichi, ikaonyesha mabati ya Gungu yaking'aa na ziwa lote mpaka milima ya Kongo, na kila mtu akatafuta paa la nyumba yake. Rangi safi, muziki unapiga, Scola anatimua vumbi na beseni lake, na nyuma yake Yona, kijana wa Simbo, juu ya bodaboda, helmeti nyeusi na miwani nyeusi. Hapo ndipo ulipoona tofauti ya zama. Wa zamani walikimbia kwa miguu, wa sasa wakarukia lori la mkaa, wakapita katikati ya mechi ya mpira, wakateremka ngazi za watu kwa pikipiki. Ufukweni dagaa hawakuwa tena mchangani. Siku hizi huanikwa juu kwenye vichanja, kwa hiyo Scola akajitupa chini ya vichanja akateleza kama mjusi, beseni mkononi, na Yona akakwama na bodaboda yake, helmeti imejaa dagaa. Kibanda kikapasuka. Mama mmoja alifuta machozi kwa kitenge akasema huyu binti ni mwisho.

Scola alianza kutabasamu. Kwa jicho la pembeni aliona hata bega la baba mdogo limetikisika kidogo.

Halafu akatokea bibi kizee. Alikuwa Recho, msusi wa Mwanga, kapakwa unga wa muhogo nywele nzima, na watu walimtambua kabla hajafika katikati ya picha. Wakamtania kidogo, haikuwa neno. Scola akapiga magoti, shingo wima, akaanza salamu. Na hapa ndipo alipokuwa ameweka mategemeo yake yote. Alijua kila mtu angengoja mkimbizaji asimame. Basi asisimame! Yona anakuja mbio, anaruka juu ya mzigo wa kuni, anamsukuma bibi kwa bega na kunyakua beseni. Walipokuwa wakipiga picha, yeye na Feliksi walicheka mpaka wakashikana.

Kibandani hakuna aliyecheka.

"Kalelewa wapi huyu?" aliuliza mzee mmoja, na alikuwa anauliza kweli.

"Amemsukuma bibi," alisema mwanamke wa dirishani, akiwapasha habari walioko nje.

Yona, aliyekuwa amekaa katikati ya watu wa mtaani akijivuna, aliinamisha kichwa na kuvuta kofia usoni. Filamu iliendelea, pikipiki ziliruka, suti ya harusi ilipaa angani, bibi harusi aliidaka, yote yalikuwa mazuri, lakini watu walishanuna. Walitazama kwa adabu tu. Scola alitamani ardhi ipasuke. Alijiona mjinga mkubwa, maana alibadilisha kila kitu akiwa na haki, kisha akabadilisha kile kimoja ambacho hakikuwa chake kubadilisha.

Taa zikawashwa. Bonaventura akainuka, akawageukia watu.

"Ile pikipiki kwenye vichanja," alisema, "sisi tusingeiweza. Kaka yangu angeipenda sana."

Scola hakuwahi kumsikia akisema kaka yangu. Alishika meza ya projekta.

"Lakini mkimbizaji wako hakusimama. Asiposimama, huyo ni mwizi, na filamu ya mwizi haichekeshi. Tena bibi wako ana unga kichwani." Akavaa kofia yake. "Kipande hicho kitarudiwa kesho asubuhi. Yona atafute bibi wa kweli. Mkimbizaji nitakuwa mimi."

Kibanda kililipuka kwa vigelegele na Feliksi akaanza kuapa upya kwamba betri ziko tayari.

Asubuhi, kwenye njia ya kwenda Simbo, ukungu ulikuwa bado haujaachana na michikichi. Yona, kwa toba yake, alikuwa amemleta jirani yake, bibi mnyoofu mwenye kitambaa cha kijani, aliyerudi karibuni kutoka Burundi kuishi na binti yake. Alimweka kwenye kona ya njia na maelekezo mafupi: watakuja watu wawili wanakimbizana, wewe wasalimie kama unavyosalimia siku zote.

"Usinipunguzie mwendo," Bonaventura alimwambia Scola, akinyoosha magoti yaliyokuwa yakilia.

Hakumpunguzia. Alikimbia kama anafukuzwa kweli, beseni kichwani, na nyuma yake alisikia vishindo vizito vya baba mdogo vikizidi kukaribia, akapandwa na furaha hadi akataka kupiga kelele. Akakata kona. Bibi huyo hapo. Akapiga magoti, shingo wima, akapiga makofi.

"Mwakeye, bibi."

"Mwaramutse, mwanangu," bibi alimwitikia kwa Kirundi chake, na akaanza kuulizia nyumba, watoto, mvua. Vishindo vikafika, vikasimama. Bonaventura akavua kofia, akapiga magoti ubavuni mwa Scola akihema, akasalimia.

Bibi akamkodolea macho. Akamshika kidevu, akauinua uso wake.

"Bonaventura? Wewe si yule wa Gungu? Mimi Inamahoro, niliyekuwa nauza mawese mlangoni kwenu, kabla sijarudi kwetu."

"Ndiye mimi, mama," alisema Bonaventura.

Feliksi hakuzima kamera. Bibi Inamahoro naye aliambiwa asalimie kama siku zote, na siku zote mtu huulizia ndugu.

"Mama yenu hajambo?"

"Hajambo, mama. Yupo."

"Na Selestini? Selestini hajambo?"

Scola alihisi baba mdogo ameacha kuhema. Alingoja ainuke aende kuangalia mbuzi.

"Selestini alifariki, mama," Bonaventura alisema. Sauti ilimkatika, akarudia vizuri, kwa adabu, maana aliulizwa na mkubwa. "Selestini alifariki. Ni miaka mingi. Huyu hapa ni mtoto wake."

Bibi akamgeukia Scola. Alimtazama shingo, beseni, magoti yaliyo vumbini, akamwekea kiganja shavuni, akakiacha hapo muda mrefu. Machozi yalimtoka Scola bila yeye kuinamisha kichwa, kwa sababu ya beseni.

"Na unamkimbiza," bibi alimwambia Bonaventura.

"Namkimbiza, mama."

"Basi mwache ainuke kwanza."

Akamwacha ainuke. Akamwacha aweke beseni sawa, apanguse uso, achukue hatua zake. Kisha akatoka mbio, mzee mzima, kofia mkononi, akilia na kucheka kwa pamoja, na Scola mbele yake akikimbia kwa nguvu zake zote mpaka njia ikawameza. Yona na bibi walibaki wakipiga makofi pale konani.

Waliporudi wakiwa wamechoka hawajiwezi, Feliksi aliuliza kwa uangalifu waandike jina gani mwanzoni mwa filamu.

"Si unalijua," alisema Bonaventura, amekaa chini, anavua viatu. "Beseni la Bwana Harusi. Chini yake uweke majina ya waliokimbia. Anza na Selestini, halafu Scola. Mimi niweke nyuma, ndiyo nafasi yangu."