Mwalimu wa Safari ya Ulaya

"Kuanzia Songwe mpaka Lyulilo, mtu aliyelala Ulaya akarudi na meno yake yote ni mimi peke yangu," alisema Anyitike, akasogeza kigoda chake karibu na koti.

Koti lilikuwa la mwanawe, Aliko. Wamisheni wa Kidachi walikuwa wamemchagua aende kwao miaka mitatu, akawafundishe Kinyakyusa vijana wanaojiandaa kuja huku. Walimpa koti la sufu, zito kama kondoo aliyenyeshewa. Kisha wakamwomba baba yake amfunde namna ya kwenda na namna ya kurudi, maana miaka minane nyuma mzee huyo aliondoka na bwana mmoja wao kwenda Ulaya, akarudi baada ya masika mawili. Meli ya ziwani ilikuwa inang'oa nanga kesho yake.

Anyitike hakutulia. Alikaa, akasimama, akachungulia migombani, akakaa tena.

"Tata, baridi ya huko ikoje?"

"Ya kawaida. Kama Busale mwezi wa sita. Koti hili litakuchemsha bure. Liache, nitakutunzia."

"Bwana anasema maji yanaganda."

"Bwana ni mtu wa kudeka."

Aliko alilitazama koti, akamtazama baba yake. Siku ya tatu hii, kwa hofu ya safari, kijana hakuwa amemaliza sahani ya chakula. "Na watu wanaishije?"

Hapo mzee alipata pa kushika, ulimi ukaanza kukimbia. "Milima imesimama wima, miguu yake iko majini. Njia hakuna. Ukitaka kwa jirani unapanda mtumbwi. Wanaume wanabeba udongo, wanawake wanafinyanga. Chungu kikishatoka motoni, unakigonga hivi." Akaugonga mtungi wa maji kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. "Huu mzima."

"Ulaya wanafinyanga vyungu?"

"Sasa wewe unadhani wanapikia nini?"

Nyuma ya ukuta wa mianzi mtu alikohoa. Alikuwa Neli, mke wa Aliko. Kwa Wanyakyusa, mkaza mwana na baba mkwe hawaonani wala hawasemezani; huyu akitokea, yule anaingia kichakani. Miezi minne tangu ndoa, Anyitike hakuwahi kuuona uso wa Neli, na desturi hiyo aliipenda kuliko zote. Alijua tu kwamba ni binti wa wafinyanzi wa Lyulilo. Hata ng'ombe wa mahari walipelekwa na mdogo wake. Yeye mwenyewe, ziwani alikuwa hapendi kwenda.

"Aliko," Neli alisema kutoka kule nyuma, maneno akimpelekea mumewe tu, "koti usiliache."

"Mwambie mkeo haya ni mambo ya wasafiri."

"Neli, tata anasema..."

"Nimesikia. Mwambie baba yako hiyo si Ulaya. Hiyo ni Lumbila, hapa hapa ziwani, tulikokuwa tunakaa kabla mama hajahamia Lyulilo."

Anyitike alicheka, kicheko kikaishia njiani. "Milima iko kila mahali. Mwambie alikuwa mtoto mdogo."

"Mwambie nilikuwa nachota maji mwenyewe. Meli ya Wadachi ilimshusha mtu anatapika, akaapa hapandi tena chombo kikubwa hata aitwe na nani. Mama akampa kazi ya kubeba udongo. Masika mawili. Uso wake sasa siruhusiwi kuutazama, lakini sauti niliisikia kila siku."

"Sauti za watu zinafanana," Anyitike alimwambia mwanawe.

Aliko hakuinua sauti. "Tata, mwenye kupanda meli kesho ni mimi. Nikiganda huko, jina lako litanipasha moto?"

Mzee alikisogeza kigoda chake mbali na koti.

Neli akaingia kinyumenyume, amejifunika khanga hadi machoni, mgongo ameuelekeza kwa baba mkwe kama inavyopasa. Akalipapasa koti, akalichukua, akamvika mumewe, akafunga kifungo kimoja kimoja.

"Na mwambie," alisema bila kugeuka, "mama anamsalimu. Siku ya mwisho kule Lumbila, yeye alituaga kwamba anakwenda kuoga. Tulimwekea chakula mpaka kikachacha."